Kisukari Bukavu: tuache kusema ni ugonjwa wa wenye vitambi

Muuguzi_Kadutu (mwanzisha uzi)

Ba mama, ba papa, ba yaya na ba dada wa humu, salamu kutoka Kadutu.

Kila kisukari kinapotajwa humu, hazipiti jumbe tatu kabla mtu hajaandika kwamba huo ni ugonjwa wa wakubwa, wa watu wa Nguba wanaokula nyama kila siku na kuteremshia na pombe ya chupa. Mimi ni muuguzi katika santre moja ya afya huku juu, na leo nataka tubishane kidogo. Wagonjwa wa sukari tunaowapokea, wengi hawana kitambi hata cha kuazima. Ni mbeba mizigo wa sokoni, mchuuzi wa makala (mkaa), mama anayepanda ngazi na beseni la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, kichwani. Wengine wamekonda hadi suruali inashikiliwa na kamba.

Nakazania hilo kwa sababu moja: mwembamba hapimwi. Mnene akilalamika uchovu, kila mtu atamwambia "nenda kapime sukari". Mwembamba anayekunywa maji ndoo nzima, anayeamka usiku kucha kukojoa, anayezidi kukonda na huku anakula, watu watawaza sida (ukimwi) kwanza, kisha kifua kikuu, kisha jirani aliyegombana naye juu ya mpaka wa kiwanja. Anazungushwa kwenye vyumba vya maombi, anauziwa chupa za miti, na siku anapoletwa kwetu amebebwa mgongoni, anapumua kwa kina na kwa haraka, mdomo unatoa harufu ya matunda yaliyovunda. Hapo damu yake imeshakuwa na asidi, na santre ndogo haina la kufanya zaidi ya kumwekea serumu na kutafuta gari la kumshusha hopitali. Tone moja la damu kidoleni lingemaliza ubishi wote mapema.

Sasa hesabu, maana kuna wanaopenda hesabu. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba mwaka 2024 watu wazima wenye ugonjwa huu duniani walikuwa milioni 589, yaani mmoja kati ya 9. Zaidi ya wanne katika kila 5 wanaishi kwenye nchi zenye kipato kidogo au cha kati. Sasa huo utajiri uko wapi? Kanda yetu ya Afrika ina kama milioni 25, na inatazamiwa kufika milioni 60 ifikapo 2050, ongezeko kubwa kuliko kanda zote. Jambo linaloniuma mimi ni lingine: katika kanda hiyo hiyo, karibu 7 kati ya 10 wenye sukari hawajui kwamba wanayo. Hakuna kanda nyingine yenye giza kubwa hivyo. (Mtakutana pia na hesabu ya milioni 830 ya mwaka 2022. Hiyo imetolewa na watafiti walioshirikiana na Shirika la Afya Duniani. Walihesabu kuanzia miaka 18 na kupima kwa njia mbili, ndiyo maana ni kubwa zaidi. Msigombane bure.)

Kuhusu wembamba, madaktari hawajaanza kuliona jana. Mwaka 1955 huko Jamaika iliandikwa habari ya wagonjwa vijana, wakondefu, wenye sukari ya juu sana, ambao hawakufanana na aina ya 1 wala ya 2. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani likaweka kundi la kisukari kinachotokana na utapiamlo. Mwaka 1999 likalifuta, kwa hoja kwamba ushahidi hautoshi. Miaka ikapita, wagonjwa wakaendelea kuwepo, hata kama kundi lao halipo kwenye karatasi. Aprili 2025, kwenye mkutano wa dunia uliofanyika Bangkok, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari likakubali kuiita aina ya 5. Inakadiriwa watu milioni 20 hadi 25 wanayo, wengi wakiwa Asia na Afrika. Ni mtu aliyekosa chakula cha kutosha tumboni mwa mama au utotoni, kongosho lake likakua dhaifu, na ukubwani halitoi ya kutosha ile insulini inayoshusha sukari ya damu. Nani hapa Kivu anahitaji kuelezwa habari za kwashakoo? Watoto waliokimbia vita tangu 1996 leo ni watu wazima, na baadhi yao ndio wanaokaa kwenye benchi zetu.

Sisemi kila mwembamba mwenye sukari ana aina ya 5. Anaweza kuwa na aina ya 1, ambayo mwili wenyewe umeshambulia kongosho. Anaweza kuwa na aina ya 2 ya kawaida, alikuwa mnene, sukari ikamla hadi akakonda. Kutenganisha kunahitaji vipimo ambavyo santre haina. Lakini kujua kama sukari ipo au haipo, hilo linawezekana hata kwenye kibanda: asubuhi kabla ya kula, 126 (miligramu kwa desilita) kwenda juu, rudia siku nyingine kuhakikisha. Ukiwa na kiu na mikojo na kukonda, na saa yoyote ile kipimo kikasoma 200 kwenda juu, usingoje.

Nimesema mengi. Leteni maswali, leteni na matusi.

---

Motari_Essence

Yaya muuguzi, miye niko motari, nabeba watu kwa pikipiki, nashinda juu ya moto yangu kutoka asubuhi mpaka usiku, nakunywa sukre (soda) moja kila saa ya jua kali. Niko mwembamba, nikasema miye sina shida. Sasa umeniharibia siku.

---

Muuguzi_Kadutu

Motari, sukre ya chupa moja ina sukari ambayo mama akikuona unaiweka kwenye kikombe cha chai atakupokonya kijiko. Kunywa maji. Na upite upimwe, si lazima kwetu, popote.

---

Kijana_Bagira

Asante kwa uzi. Ila nina swali ambalo kila mtu nyumbani ana jibu lake. Babu yetu alipoonekana na sukari, mtu mmoja akasema aache sukari ya chai tu. Mwingine akasema aache bugali ya muhogo kabisa, ati muhogo una sumu inayoua kongosho. Sasa babu anakula sombe (majani ya muhogo) na sambaza bila bugali, anakasirika nyumba nzima. Ukweli uko wapi?

---

Muuguzi_Kadutu

Kijana, muhimu kwanza: mrudishieni mzee bugali yake, lakini mpunguze mlima.

Hadithi ya sumu ya muhogo ina mzizi. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri unabaki na sianidi, na inajulikana kuleta konzo, ule ugonjwa wa kupooza miguu. Miaka ya nyuma watafiti walidhani sianidi hiyo inaharibu pia kongosho na kuleta kisukari cha wakondefu. Dhana hiyo haikuthibitishwa. Lowekeni muhogo siku za kutosha na mwanike vizuri kwa sababu ya konzo, si kwa sababu ya sukari.

Tatizo la bugali kwa mgonjwa wa sukari ni wingi. Unga wa muhogo karibu wote ni wanga, na wanga ukifika tumboni unageuka sukari, hata kama haukuonja utamu wowote. Ndiyo maana kuacha sukari ya chai na kuendelea na bugali ya ukubwa wa kichwa hakusaidii. Nusu ya sahani iwe lenga-lenga (mchicha), sombe, kabichi. Robo iwe sambaza, maharagi au yai. Robo inayobaki ndiyo ya bugali, au ndizi, au kiazi, si vyote vitatu. Kwa bahati sisi watu wa Bukavu mboga zetu ni nzuri, hatuna haja ya kutafuta chakula cha ajabu kutoka ng'ambo. Ila mafuta ya mawese kwenye sombe, ba mama, mnayamwaga!

Na mzee ale kwa saa zinazojulikana, hasa kama anameza vidonge au anachoma insulini.

---

Mama_Sambaza

Hapo kwa saa za kula niruhusu niseme. Ndugu yangu wa kike alikuwa na sukari, anameza dawa, anaendelea vizuri. Kanisani kwao wakatangaza siku za kufunga kavu, bila chakula wala maji. Yeye akafunga, lakini dawa hakuacha, maana munganga (daktari) alimwambia asiache hata siku moja. Siku ya pili akaanza kutetemeka, jasho linamtoka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Walioko pale wakasema pepo linajifunua, wakaongeza sauti ya maombi. Alipoanguka ndipo mtoto wake akakimbia kuita motari. Alipona, Mungu ni mwema, lakini tangu hapo hakumbuki mambo vizuri.

Sikuandika ili kuchafua kanisa. Hata mimi naomba. Nataka tu watu wajue lile halikuwa pepo.

---

Muuguzi_Kadutu

Pole sana mama. Wote someni huo ujumbe mara ya pili.

Sukari kushuka chini ya 70 ni hatari ya haraka kuliko sukari kupanda. Kupanda kunakula mtu kwa miezi na miaka, kushuka kunaweza kumaliza mtu kabla ya jioni. Vidonge vya glibenklamidi (wengi mnaviita Daonil) vinalisukuma kongosho litoe insulini, chakula kiwepo kisiwepo. Ukikosa kula, vinaendelea kusukuma. Metformini peke yake ni nadra kufanya hivyo. Kwa hiyo jua jina la kidonge unachomeza, usiseme tu "kile cheupe".

Ukimwona mwenye sukari anatetemeka, anatoa jasho baridi, amekuwa mkali ghafla au anaongea ovyo, na bado anaweza kumeza: vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, mpe sasa hivi. Baada ya dakika 15 pima tena, kama bado rudia, kisha ale chakula. Akiwa amezimia usimmiminie kitu mdomoni, atakiingiza mapafuni. Mlaze ubavu, mpeleke hopitali. Na kama alimeza glibenklamidi, hata akiamka usimrudishe nyumbani mara moja, dawa hiyo inakaa mwilini muda mrefu na inaweza kumwangusha tena usiku.

Wachungaji wanaosoma humu: mtu wa sukari anayetaka kufunga aongee na munganga kwanza, dozi inaweza kubadilishwa, na wengine hawapaswi kufunga kabisa. Mkilisema hilo madhabahuni mtaokoa watu zaidi kuliko sisi wenye koti jeupe.

---

Mti_wa_Asili

Mnaongea kizungu tu. Mababu zetu walikuwa na majani ya mubirizi, machungu kweli, na walitibu sukari bila kuchoma mtu sindano kila siku. Insulini ni biashara. Ukianza huwezi kuacha, ndivyo wanavyokufunga.

---

Mfamasia_Nyawera

Yaya Mti, acha nikujibu kwa upole. Mubirizi ni mchungu, sawa, na kuna majani ambayo yakichunguzwa yanaonekana kushusha sukari kidogo. Lakini mtoto ambaye kongosho lake limekufa, ukimpa mubirizi badala ya insulini umemzika.

Hiyo ya "ukianza huwezi kuacha" umeigeuza. Mtu wa aina ya 1 haachi insulini kwa sababu kabla ya insulini wote walikufa, haraka, tena wakiwa wamekonda mifupa mitupu. Januari 1922 huko Toronto mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa wa kwanza kuchomwa. Banting na wenzake wakauza haki ya ugunduzi huo kwa chuo kikuu kwa dola moja moja, ili isiwe biashara ya mtu. Imekuwa biashara baadaye, hapo nakubaliana na wewe kabisa! Iko kwenye orodha ya dawa muhimu za dunia tangu orodha ya kwanza ya 1977, na bado mgonjwa wa Bukavu anaitafuta kutoka farmasi hadi farmasi akiwa na chupa tupu mkononi.

Na tuseme yaliyopo. Tangu Februari 2025 benki zilipofungwa, mwenye mshahara anaupata kwa simu, anakatwa, na dawa ya mwezi inanunuliwa kwa vipande vya wiki. Hapo ndipo watu wanaanza kuruka siku, au kugawa dozi ili chupa ifike mbali. Sukari haijali hesabu hiyo.

Mambo mawili ambayo nayaona kwenye kaunta yangu:

Bomba za sindano. Chupa nyingi za insulini zina uniti 100 kwa mililita. Lakini zinazunguka bomba zilizochorwa kwa uniti 40, zinatoka sehemu mbalimbali. Ukivuta hadi mstari wa 40 kwenye bomba hilo kutoka chupa ya 100, umechukua uniti 100. Mara mbili na nusu ya ulichoandikiwa! Soma ubavuni mwa bomba na ubavuni mwa chupa, namba zilingane. Zisipolingana, rudisha.

Barafu. Watu wananiambia "sina frigo, delestaji (umeme kukatwa) kila siku, basi sitaki insulini". Chupa ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kwenye nyuzi 2 hadi 8, kweli. Lakini uliyoifungua inakaa nje ya frigo kama wiki nne bila shida, ukiiweka kivulini, mbali na jiko la makala. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva waliijaribu kwa hali ya joto ya kambi ya Dagahaley kule Kenya, kati ya nyuzi 25 na 37, na baada ya wiki nne insulini ilikuwa bado na nguvu zake. Matokeo yalitoka 2021. Sisi tuko mita 1,500 na zaidi juu ya bahari, usiku tunajifunika blanketi! Weka chupa ndani ya kopo, kopo ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa, imetosha. Kinachoua insulini kwetu ni ile frigo mbovu inayoigandisha. Ikiganda, itupe.

---

Laboranti_Ibanda

Naongeza la maabara. Kuna kipimo cha wastani wa miezi mitatu, wanakiita HbA1c, 6.5 kwa mia kwenda juu ni kisukari. Wanaoweza wanakilipia, ni kizuri. Lakini kwetu kuna watu wengi wenye anemia SS (selimundu), na kwao kipimo hicho kinadanganya, maana chembe nyekundu zao haziishi muda wa kawaida. Mwambieni munganga kama mna SS nyumbani.

Lingine ni bandeleti, vile vipande vinavyotiwa damu na kuingizwa kwenye mashine. Mashine ya kupimia unaweza hata kupewa bure na ndugu wa Ulaya, kisha unagundua bandeleti zake hazipatikani hapa, na za mashine nyingine haziingii. Kabla ya kuleta mashine, ulizeni kwanza bandeleti gani zinauzwa Bukavu. Nimeona mashine nzuri kabisa zikiwa vitu vya kuchezea watoto.

---

Jirani_Kamembe

Mimi naishi Rwanda, upande wa pili wa mto Ruzizi, kwa sababu ya kazi. Bila kuingiza siasa, tafadhali. Hapa manesi wa hopitali za wilaya wamefundishwa kufuatilia wagonjwa wa sukari, hata wale wa insulini, na mgonjwa ana kadi ya mutuelle (bima ya afya ya kuchangiana). Mtindo huo wa kuweka huduma karibu na watu ndio nchi za Afrika zilipitisha Lomé, Togo, Agosti 2022, wanauita PEN-Plus. Siyo peponi, foleni zipo. Ila mgonjwa hapandi kwa profesa kila akihitaji chupa.

---

Kijana_Bagira

Kwetu mutuelle zipo pia, za parokia na nyingine. Swali ni kama zinalipia ugonjwa usioisha.

---

Muuguzi_Kadutu

Ndiyo swali lenyewe. Kabla ya kulipa mchango wa mwaka, uliza kwa mdomo wako: insulini imo? bandeleti zimo? kulazwa kwa sukari kumo? Wakikujibu "tutaangalia", ujue haimo.

Mzigo wa ugonjwa huu hauko kwenye kidonge. Metformini ni dawa ya bei ndogo. Mzigo uko mwishoni: figo zikifa mtu anahitaji kusafishwa damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, maisha yote, na hapo familia inauza shamba la Walungu, inauza ng'ombe, kisha inaanza kuuza nyumba. Mguu ukikatwa, mbeba mizigo wa Kadutu amepoteza mguu na kazi kwa siku moja, na watoto wanatoka shule. Nikilinganisha na gharama ya kumpima mapema nashindwa kuelewa kwa nini kampeni zote za afya zinazopita huku mlimani zina chanjo, zina vyandarua, na hazina glukometa, ile mashine ya kupima sukari, hata moja.

Kitu kingine ambacho kingetugharimu kidogo sana: kifua kikuu. Congo ni kati ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani, na mwenye sukari ana hatari mara mbili hadi tatu ya kukipata. Kila anayeanza dawa za kifua kikuu apimwe sukari, na kila mwenye sukari anayekohoa wiki mbili apimwe makohozi. Mgonjwa tunaye tayari, amekaa mbele yetu.

---

Mama_Sambaza

Yaya muuguzi, na sisi wenye mimba? Binti yangu alizaa mtoto wa kilo nyingi mno, wakamsifu.

---

Muuguzi_Kadutu

Mtoto mkubwa kupita kawaida si sifa ya kupiga makofi kwanza, ni sababu ya kupima. Sukari ya mimba hutafutwa kati ya wiki ya 24 na ya 28. Mara nyingi inaondoka baada ya kuzaa, lakini mama huyo abaki anapimwa, hata kila mwaka, na mimba ijayo aseme mapema.

---

Motari_Essence

Nimerudi. Nimepima, 98 bila kula. Nimefurahi hadi nikapeleka na papa yangu, yeye ni mwembamba kuliko miye. Mashine imesoma 311. Anasema hajisikii mgonjwa, ila ana kidonda kwenye kidole cha mguu tangu wakati wa mvua, hakimuumi, kwa hiyo hakushugulika nacho. Nifanye nini?

---

Muuguzi_Kadutu

Motari, kidonda kisichouma ndicho kibaya. Sukari imeua mishipa ya fahamu ya mguu, ndiyo maana hasikii. Mpeleke hopitali yenye upasuaji kesho asubuhi, usingoje Jumatatu. Asitembee kwa mguu huo, umbebe kwenye moto yako hadi mlangoni. Asiloweke mguu kwenye maji ya moto ya chumvi, asipake majivu wala dawa ya meno, asikate nyama iliyokufa kwa wembe. Funika kwa kitambaa safi tu. Mwambie munganga namba 311 na lini kidonda kilianza, na uombe aangalie miguu yote miwili hadi katikati ya vidole. Kuanzia sasa, papa asitembee peku hata ndani ya nyumba, na kila asubuhi kabla ya kuvaa kiatu aingize mkono ndani, atoe kijiwe.

Kama ana kikohozi waambie pia.

---

Motari_Essence

Kikohozi iko. Tunaenda saa kumi na mbili asubuhi.